Nyumba ya Watu Saba

Watu wengi waliosoma huzidharau sinema za kutisha. Husema kwamba kazi yake ni moja tu, kumshtua mtazamaji kama mtoto anavyomshtua mwenziwe kwa kujificha nyuma ya mlango, na kwamba mshtuko ukiisha hapana kitu kinachosalia. Mimi nami nilikuwa katika kundi hilo. Nilipokuwa mwanafunzi katika chuo cha ualimu, mwenzangu mmoja wa bwenini alituonyesha usiku mmoja sinema kuukuu ya Kimarekani, isiyo na rangi, juu ya wafu waliofufuka wakala watu. Tulicheka mwendo wa wale wafu, tukacheka na vilio vya mwanamke aliyewakimbia, kisha tukaenda kulala. Miaka kadhaa baadaye niliitazama tena, nikiwa mwalimu, pamoja na wanafunzi wangu wa Kidato cha Nne katika chama cha tamthilia. Safari hii sikucheka. Insha hii yaeleza kwa nini.

Sinema hiyo yaitwa Night of the Living Dead, yaani usiku wa wafu walio hai. Ilionyeshwa kwa mara ya kwanza tarehe 1 Oktoba 1968 katika mji wa Pittsburgh, jimbo la Pennsylvania, nchini Marekani. Mwongozaji wake, George A. Romero, alikuwa kijana wa miaka 28 aliyezoea kutengeneza matangazo ya biashara pamoja na rafiki zake. Kisa alikiandika pamoja na John A. Russo. Fedha zao zilikuwa dola 114,000 hivi, nazo kwa sinema ndefu zilikuwa haba hata kwa siku zile. Kwa hiyo walipiga picha mashambani karibu na mji mdogo wa Evans City, na baadhi ya watengenezaji wakaigiza wenyewe. Karl Hardman, mmoja wa wasimamizi wa kazi hiyo, aliigiza kama baba mwenye mtoto mgonjwa, na mtoto huyo akaigizwa na binti yake wa kumzaa, Kyra Schon. Damu tuionayo ilikuwa shira ya chokoleti. Walakini umaskini huo haukuiharibu kazi yao, bali uliisaidia. Picha zile za weusi na weupe zafanana na habari za televisheni za zama hizo, hata mtazamaji hujisahau akadhani anatazama jambo lililotokea kweli.

Kisa chenyewe ni chepesi kusimulia. Msichana Barbra na ndugu yake Johnny wamekwenda makaburini kuweka shada juu ya kaburi la baba yao. Johnny amtania dada yake kwa kumtisha na mtu anayetembea polepole kwa mbali. Mtu huyo awashambulia kweli, Johnny auawa, na Barbra akimbilia nyumba moja ya shamba isiyo na mtu. Hapo afika Ben, kijana mweusi mwenye pikapu iliyopungukiwa na petroli. Kumbe chini ya nyumba, katika chumba kilichochimbwa ardhini, wamejificha wengine watano: Harry Cooper na mkewe Helen, binti yao Karen aliyeumwa na mmoja wa wafu, na vijana wawili wapendanao, Tom na Judy. Jumla yao ni watu saba. Nje wafu wazidi kukusanyika. Redio na televisheni zaeleza kwamba kila afaye hufufuka, kwamba wafu hao hula nyama ya walio hai, na kwamba hawazuiliki ila kwa kuharibiwa ubongo au kuchomwa moto. Kulipopambazuka na jua kupanda, katika wale saba hakusalia hata mmoja.

Hapa ni lazima nieleze neno moja. Siku hizi wafu wa namna hii huitwa zombi, lakini katika sinema ya Romero neno hilo halitamkwi hata mara moja. Zombi wa asili ni wa Haiti, na chimbuko la jina lake wataalamu wengi hulitafuta katika lugha za Kongo, walikotoka wengi wa watumwa waliopelekwa huko. Zombi wa Haiti hakuwa mla watu. Alisadikiwa kuwa mtu aliyefufuliwa kwa uchawi ili amfanyie bwana wake kazi pasipo ujira wala mapumziko, yaani mtumwa ambaye hata kifo hakikumpa uhuru. Msomaji aliyepata kusikia masimulizi ya misukule kutoka Tanzania ataona mara moja kwamba fikira hizo mbili ni jirani. Sinema ya White Zombie ya mwaka 1932 ilimfuata zombi huyo wa kutumikishwa. Romero, akiwa amevutiwa na I Am Legend, riwaya ya Richard Matheson iliyotoka mwaka 1954, alimwondoa yule bwana. Wafu wake hawatumwi na mtu, wala hapana mchawi wa kukamatwa ili mambo yatengenee. Hivyo hofu ilihama mahali pake. Zamani mtazamaji aliogopa kufanywa mtumwa wa mtu mmoja. Sasa aogopa umati, na umati wenyewe ni jirani zake wa jana.

Hata hivyo wafu si kiini cha kazi hii. Sehemu kubwa ya dakika zake 96 yatumika ndani ya nyumba, watu wakigongomea mbao madirishani, wakisikiliza habari, na zaidi ya yote wakibishana. Ben ataka wote wabaki juu. Hoja yake ni kwamba chumba cha chini hakina mlango wa pili, na adui akiingia hapana pa kukimbilia. Cooper ataka wote washuke. Hoja yake ni kwamba juu pana madirisha mengi mno, ilhali chini pana mlango mmoja tu wa kulinda. Hoja zote mbili zina uzito, nazo zingaliweza kuunganishwa: wapigane juu maadamu yawezekana, na chini pawe kimbilio la mwisho. Tom, kijana asiye na makuu, awasihi wafanye kazi pamoja. Hawasikii. Muda si muda ugomvi hauwi tena juu ya mlango, bali wawa juu ya nani mkubwa wa nyumba. Wahenga walisema kwamba fahali wawili hawakai zizi moja, nao hawa wawili hawakuweza kukaa katika nyumba moja hata kwa usiku mmoja.

Wanafunzi wangu walipokuwa wakijadiliana, niliwapa kazi ndogo ya kuhesabu: kati ya watu saba wa nyumba ile, ni wangapi waliouawa na wafu waliotoka nje? Fanya hesabu hiyo nawe, msomaji. Tom na Judy walikwenda kutafuta petroli. Ikamwagika, ikashika moto, nao wakafa ndani ya gari. Ben aliporudi mbio aliukuta mlango umefungwa, na Cooper, kwa woga, hakumfungulia. Ben aliuvunja akaingia, akampiga. Baadaye, wafu walipokuwa wakivunja madirisha, Cooper alinyakua bunduki, Ben akampokonya, akampiga risasi. Karen alikufa kwa jeraha lake, akafufuka, akamla baba yake, kisha akamwua mama yake kwa sepeto dogo la bustani. Barbra alivutwa nje na umati wa wafu, na ndugu yake Johnny akiwa mbele yao. Ben aliuawa na watu walio hai. Basi jawabu ni kwamba wawili tu ndio waliouawa na wafu wa nje, Karen na Barbra. Wengine watano waliangamia kwa ajali, kwa ugomvi, kwa mkono wa aliye wao, au kwa risasi ya mtu aliye hai. Kikulacho ki nguoni mwako. Methali hiyo hutajwa sana katika insha za shule hata imechujuka, lakini sijui kazi nyingine iionyeshayo kwa uwazi zaidi ya hii.

Tena Romero hatupi faraja ya kumwona mwema akishinda kwa sababu ni mwema. Ben ni hodari na mwenye kuwaza. Cooper ni mwoga na mwepesi wa hasira. Kila mtazamaji humpenda wa kwanza na kumchukia wa pili. Lakini mwisho wa usiku, nyumba ilipojaa wafu, Ben alijifungia katika chumba kile kile alichokikataa, na chumba hicho kikamhifadhi hadi asubuhi. Cooper alikuwa amesema kweli, ila aliisema kwa namna ambayo hapana mtu angaliweza kuipokea. Hili ni fundisho gumu kwa vijana, na kwa watu wazima ni gumu zaidi. Ukweli waweza kutoka kinywani mwa mtu tusiyempenda, na yule tumpendaye aweza kukosea. Kazi iliyo dhaifu humpa mwema haki yote na mwovu makosa yote. Kazi iliyo imara huyagawanya, ikamwachia mtazamaji mzigo wa kupima.

Sasa nifike kwenye mwisho wake. Asubuhi laja kundi la watu wenye bunduki na mbwa, likiongozwa na sherifu, yaani mkuu wa usalama wa wilaya. Wasafisha mashamba wakiwapiga wafu risasi, wala hawana haraka. Ni kama watu walio katika mawindo. Ben asikia sauti zao, apanda kutoka chini, asogea dirishani kuchungulia. Mtu mmoja amwona kwa mbali. Sherifu aamuru apigwe kichwani, na risasi moja yammaliza. Hapana aliyemwita. Hapana aliyeuliza. Kisha picha haziendi tena, bali zasimama moja moja kama picha za gazeti: ndoana za kubebea nyama, maiti ya Ben ikiburutwa, kuni, na moto. Yule aliyeishi usiku kucha kati ya wafu achomwa pamoja nao, wala hapana hata mmoja ajuaye kwamba alikuwa mtu.

Mwigizaji wa Ben, Duane Jones, alikuwa Mmarekani mweusi, mtu msomi aliyepata kuwa mwalimu. Romero alieleza mara nyingi kwamba hakumchagua kwa rangi yake, bali kwa kuwa alikuwa bora kuliko wote waliojaribiwa. Ni kweli pia kwamba katika maneno yote ya sinema hapana mtu aitajaye rangi ya Ben. Je, ni haki basi kusema kwamba sinema hii yahusu ubaguzi? Swali hili lafaa sana kwa mwanafunzi wa fasihi. Jibu langu ni kwamba nia ya mtunzi ni mlango wa kazi, nayo nyumba yenyewe ni pana kuliko mlango. Martin Luther King aliuawa kwa risasi tarehe 4 Aprili 1968, na Romero alisimulia kwamba alisikia habari hiyo katika redio ya gari alipokuwa njiani kuipeleka New York sinema iliyokwisha kukamilika. Watu walioiona mwaka huo hawakuweza kuiona kama kwamba mauaji hayo hayakutokea. Lakini mhakiki asijipe uhuru wa kusema lolote. Lazima ushahidi uwe ndani ya kazi, na humo upo: watu weupe wenye bunduki na mbwa, mtu mweusi aliyeuawa pasipo swali, ndoana, moto, na picha zilizofanana na zile zilizopigwa Marekani wakati wa mauaji ya watu weusi mikononi mwa makundi ya raia. Mtunzi hakuyataja hayo kwa kinywa. Picha zake ziliyataja.

Sinema ilipokwisha, msichana mmoja aliyekaa nyuma aliniuliza, "Mwalimu, mbona hawakumwita kwanza?" Sikumjibu upesi, maana swali lile lilinirudisha mbali. Nilipokuwa na miaka 19, nikiwa nyumbani kwa likizo, ulipigwa ukelele wa mwizi usiku wa manane. Nilitoka na tochi na fimbo kama wengine. Tulimkuta mtu amezingirwa, tukampiga. Simsingizii mwingine: mimi mwenyewe nilipiga. Kisha mzee mmoja alimulika uso wake, tukaona kwamba ni jirani yetu, aliyetoka kutafuta gari la kumpeleka mkewe kujifungua. Hakufa, lakini mkono wake haukunyooka tena. Nilipokwenda kumwomba radhi aliniambia, "Mwanangu, ungeniuliza jina tu." Tochi nilikuwa nayo mkononi muda wote, na sikuielekeza usoni pake. Tangu siku ile nimejua kwamba wale watu wa mashambani kwa Romero si wakatili kupita wengine. Ni watu wa kawaida waliokwisha kuzoea kupiga kabla ya kutazama, na kundi huzoea upesi kuliko mtu mmoja.

Mhakiki asiyetaja kasoro si mhakiki, ni mpiga debe. Kasoro za sinema hii zipo. Baadhi ya waigizaji hutamka maneno yao kama watu wanaosoma ubaoni. Maelezo kwamba wafu walifufuliwa na mionzi iliyoletwa na chombo kilichotoka kwenye sayari ya Zuhura ni hafifu, na ingekuwa afadhali kuyaacha. Lakini kosa kubwa zaidi ni Barbra. Sinema yaanza naye, nasi twajiandaa kuona mambo kwa macho yake. Mara afikapo nyumbani apigwa na bumbuwazi, akawa kama samani ya kuhamishwa huku na huku. Kwamba hofu humfanya mtu bubu ni kweli, lakini mwanamke huyu hapewi nafasi ya kurudiwa na fahamu hadi dakika zake za mwisho. Yamkini Romero mwenyewe aliliona kosa hilo, kwa kuwa sinema ilipotengenezwa upya mwaka 1990, ikiongozwa na Tom Savini, yeye ndiye aliyeiandika, na Barbra wake wa pili ni jasiri, mwenye akili, naye anaokoka.

Tukija kwenye athari, yatosha kusema kwamba karibu kila kisa cha zombi kilichofuata kimejenga juu ya msingi huu. Mwendo wa polepole, umati usiokwisha, jeraha la meno liletalo kifo, ubongo kuwa shabaha, na watu wachache waliojifungia mahali pamoja: mambo hayo sasa huonekana kama sheria za kale, kumbe yalikusanywa mara ya kwanza na vijana wa Pittsburgh. Romero aliendelea nayo katika sinema nyingine tano kabla ya kufa mwaka 2017. Katika Dawn of the Dead ya mwaka 1978 aliwapeleka wafu katika jengo kubwa la maduka, wakizungukazunguka humo kama wateja waliosahau walichokuja kununua. Wengine walifuata: michezo ya kompyuta ya Resident Evil tangu mwaka 1996, Shaun of the Dead ya Uingereza mwaka 2004, na mfululizo wa televisheni wa The Walking Dead kuanzia mwaka 2010 hadi 2022.

Kuenea huko kulisaidiwa na kosa la karatasi. Sinema ilikuwa imepewa kwanza jina jingine, na wasambazaji walipolibadilisha waliacha kuandika tangazo la hakimiliki. Kwa sheria ya Marekani ya siku hizo, kazi isiyo na tangazo hilo ilikuwa mali ya watu wote. Kila mwenye jumba la sinema au kituo cha televisheni aliweza kuionyesha pasipo kulipa. Romero na wenzake walipoteza fedha nyingi, lakini kazi yao ilifika pote. Mwaka 1999 Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza katika orodha ya sinema zinazostahili kuhifadhiwa kwa faida ya taifa.

Lakini si kila aliyeiiga aliielewa. Wengi walichukua wafu wakaiacha nyumba. Waliongeza damu, wakaongeza mbio, wakasahau ule ugomvi wa ngazini baina ya watu wawili wenye hofu moja. Walioelewa ni wachache, nao hutambulika upesi. Katika Train to Busan, sinema ya Korea Kusini ya mwaka 2016, abiria waliojificha katika behewa moja wawafungia mlango wenzao waliookoka, kwa kushuku kwamba wameambukizwa. Mtazamaji aliyemwona Cooper atautambua mlango ule. Naye Jordan Peele, mwongozaji wa Get Out ya mwaka 2017, hakuhitaji hata mfu mmoja kurithi kilichokuwa bora katika kazi ya Romero: hofu ya mtu mweusi asiyejua kama wale wanaomjia ni waokozi.

Sisemi kwamba sinema hii ni ya kila mtu. Mhakiki Roger Ebert wa Chicago aliandika mwaka 1969 juu ya watoto wadogo aliowaona wakilia ukumbini, kwa kuwa walipelekwa kutazama jambo lililowazidi umri. Mwanafunzi wa vidato vya juu aweza kuitazama, na ni vema awe pamoja na mwalimu au mzazi, na baadaye wajadiliane. Asitafute humo mshtuko tu, maana mshtuko wa mwaka 1968 umepungua makali. Atafute yale ambayo hayajapungua. Aangalie nani anasema kweli kwa ubaya, na nani anakosea kwa wema. Ahesabu vifo. Na afikapo kwenye risasi ya mwisho, ajiulize swali la yule msichana wa nyuma, kisha ajiulize kama yeye mwenyewe, siku atakapokuwa na tochi mkononi, ataielekeza kwanza usoni.